Jinasi ya Picha: Viumbe vya Kisasili, Turubai na Hekalu katika Kazi ya Li Mei-shu wa Taiwan

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna viumbe vya kisasili vinavyobeba maana katika sanaa ya kisasa ya Taiwan. Mfano mkuu ni kazi ya Li Mei-shu (1902–1983), mchoraji wa rangi za mafuta aliyesimamia ujenzi mpya wa hekalu la Sanxia kuanzia mwaka 1947 hadi kifo chake. Inadaiwa kwamba viumbe vingi vya hekaluni havipati maana kwa kufanana na kitu chochote, bali kwa jinasi, yaani kulingana kwa sauti kati ya jina la kiumbe na neno jingine. Kwa sababu hiyo picha hizo zimefungwa katika lugha mahususi, na lugha hiyo inapodhoofika, kinachopotea kwanza si maana zilizokwisha kukaririwa, bali uwezo wa kuunda nyingine.

1.0 Utangulizi

Wanaoandika kuhusu taashira katika sanaa za Asia ya Mashariki wamezoea kutoa orodha. Joka ni mamlaka na mvua, popo ni baraka, kobe ni maisha marefu, samaki ni ziada. Orodha za namna hii humfaa mgeni anayeingia hekaluni kwa mara ya kwanza, lakini kwa mwanaisimu zina upungufu mkubwa: hueleza kiumbe kina maana gani bila kueleza kimeipataje. Matokeo yake ni kwamba viumbe vilivyopata maana kwa njia zilizo mbalimbali kabisa hupangwa katika safu moja, kana kwamba vyote ni vya ukoo mmoja.

Dai la makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya viumbe hivyo hupata maana kwa njia ya lugha. Mtazamaji haoni kwanza umbo kisha akakumbuka wazo linalofanana nalo. Huona umbo, akalitaja kimoyomoyo kwa jina lake, na jina hilo likamwita neno jingine lenye sauti ileile au inayokaribiana nayo. Katika ushairi wa Kiswahili mchezo huu wa sauti huitwa jinasi, na hapa istilahi hiyo inapanuliwa ili itumike kwa picha. Anayeitazama jinasi ya picha bila kuisikia lugha yake haoni isipokuwa nusu yake.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulipima dai hili kwa mfano wa nyumbani. Tuseme fundi amechonga sanamu ya paa, yule mnyama wa mbugani, akaisimamisha juu ya paa la nyumba. Mswahili ataiona sanamu, atasikia jina la mahali iliposimama, na huenda akasikia pia kitenzi kupaa. Mgeni asiyejua Kiswahili ataona mnyama juu ya nyumba, basi. Hakuna kitu katika umbo la mnyama huyo, wala pembe zake wala miguu yake, kitakachomwezesha kufika alipofika Mswahili. Utaratibu ambao katika mfano huu ni wa kubuni, katika mahekalu ya Taiwan ni mfumo kamili uliopevuka kwa karne nyingi.

2.0 Mchoraji na Mifumo Miwili ya Ishara

Li Mei-shu alizaliwa mwaka 1902 huko Sanxia, mji mdogo ulio kusini-magharibi ya Taipei, miaka saba baada ya Taiwan kuwekwa chini ya utawala wa Japani. Kuanzia mwaka 1929 hadi 1934 alisoma katika Shule ya Sanaa ya Tokyo. Mwaka 1934 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Sanaa cha Tai-Yang, pamoja na Chen Cheng-po, Yang San-lang, Liao Chi-chun na wengine. Kizazi hiki ndicho kilichoufanya uchoraji wa rangi za mafuta uwe sanaa ya Wataiwani wenyewe.

Rangi za mafuta hazikufika Taiwan peke yake. Zilifika kupitia Japani, ambayo ilizipokea kutoka Ulaya, na pamoja nazo ilifika kanuni ya kuona: mchoraji na achore kilicho mbele ya macho yake, kwa nuru ya saa ile, kutoka mahali pale aliposimama. Kazi za Li zilizo mashuhuri zaidi zinaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu. "Msichana Akipumzika" ya mwaka 1935 ni picha ya mwanamke ameketi. "Machweo" ya mwaka 1948 inaonyesha wanawake kando ya mto jioni. Ni watu wa mji wake, na mto wa mji wake. Kwa istilahi za Peirce, picha hizo ni ikoni: zinawakilisha kwa kufanana. Katika mfumo kama huo joka halina nafasi kwa sababu nyepesi tu: hakuna joka lililowahi kuketi mbele ya mchoraji ili lichorwe.

Hata hivyo mtu huyuhuyu alitumia miaka thelathini na sita ya maisha yake kati ya majoka. Hekalu la Sanxia linamhusu Qingshui Zushi, mtawa wa enzi ya Song anayeheshimiwa hasa na watu wenye asili ya Anxi katika jimbo la Fujian. Wahamiaji wa Anxi walilijenga katika karne ya 18. Liliharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 1833, likajengwa upya. Mwaka 1895 likachomwa moto na askari wa Japani wakati wenyeji walipopinga uvamizi, likajengwa tena. Mwaka 1947 ulianza ujenzi wa tatu, na msimamizi wake akawa Li Mei-shu. Ni mwaka uleule ambao mwenzake Chen Cheng-po alipigwa risasi hadharani mbele ya stesheni ya reli ya Chiayi, tarehe 25 Machi, katika maafa yaliyofuata tukio la Februari 28. Li aliwakusanya mafundi wa mawe, wa mbao na wa dhahabu, akawashirikisha wanafunzi wa sanaa aliowafundisha, akasimamia kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1983, hekalu likiwa bado halijakamilika.

Kwa hiyo katika maisha ya msanii mmoja inapatikana mifumo miwili ya ishara iliyosimama ubavu kwa ubavu. Turubai lake linasema kwa mfanano. Hekalu lake linasema kwa namna nyingine, ambayo sehemu inayofuata inaifafanua.

3.0 Njia Tatu za Kupata Maana

3.1 Uambatani

Njia ya kwanza ni ya viumbe vinavyoundwa kwa kuunganisha viungo vya viumbe vingine. Joka la Kichina ndilo mfano bora. Mapokeo yanalieleza kwa mifanano tisa: pembe za kulungu, kichwa cha ngamia, shingo ya nyoka, magamba ya samaki aina ya kapi, kucha za tai, nyayo za chui milia, masikio ya ng'ombe, na kadhalika. Kila kiungo kimechukuliwa kwa mnyama aliyeko, lakini jumla yake haiko. Mwanaisimu ataona hapa jambo analolifahamu katika mofolojia: mofimu zinazojulikana kila moja kwa maana yake huunganishwa zikaunda neno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha tu. Wenye kujua "mwana" na "hewa" hawatajua maana ya "mwanahewa" bila kufundishwa.

Tahadhari ya istilahi inahitajika hapa. Neno joka kwa Kiswahili kwanza ni nyoka mkubwa, na kwa wasomaji wa Biblia ni adui wa Kitabu cha Ufunuo. Joka la Kichina halitemi moto. Makao yake ni maji na mawingu, na kazi yake ni mvua. Ndiyo maana hukaa juu ya paa la hekalu: nyumba ya mbao huogopa moto, na kiumbe wa maji ni mlinzi wake. Samaki mwenye kichwa cha joka, anayeonekana kwenye mapaa mengi ya mahekalu ya Taiwan, amewekwa pale kwa sababu hiyohiyo. Makala haya yanaendelea kutumia neno joka kwa kukosa jingine, lakini tofauti hii isisahauliwe, kwani tafsiri ya jina ni hatua ya kwanza ya kupotoka katika usomaji wa taashira.

3.2 Jinasi

Njia ya pili ndiyo kiini cha makala haya. Popo kwa Kichina cha Kimandarini ni biānfú, na baraka ni fú. Silabi ni ileile na toni ni ileile. Kwa hiyo popo akichongwa ukutani, baraka imetamkwa. Popo watano ni baraka tano ambazo mapokeo ya kale ya Kichina yanazitaja: umri mrefu, utajiri, afya, kupenda wema, na kufa kifo cha kawaida. Popo akichorwa kichwa chini, jinasi inaongezeka, kwa maana neno dào la kupinduka lina sauti ileile ya dào la kufika: baraka imefika.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki akiuona ukuta huo atahisi jambo jingine kabisa. Popo kwetu ni mwenye kuruka usiku, asiyejulikana kama ni ndege au mnyama, na jina lake limo ndani ya popobawa, ambaye hofu yake ilienea Zanzibar mwaka 1995. Tofauti hii haitokani na popo. Mnyama ni yuleyule, mabawa ni yaleyale. Tofauti iko katika kamusi ambayo kila mtazamaji anakuja nayo.

Mfano ulio tata zaidi ni wa vitu vinne vinavyochongwa pamoja kwenye kuta za mbele za mahekalu mengi ya Taiwan: bendera, mpira, silaha ya mpini mrefu iitwayo ji, na kengele ya jiwe iitwayo qing. Kwa kutazama tu, hakuna uhusiano kati ya vitu hivi. Vikitajwa kwa mfuatano vinakuwa qí, qiú, jǐ, qìng. Na sentensi yenye silabi hizohizo, kwa tofauti moja ndogo ya toni, ina maana ya "kuomba heri na furaha". Hapa si neno moja linalochorwa, bali ni sentensi nzima yenye sintaksia yake. Ukuta unasali.

Saussure alifundisha kwamba uhusiano kati ya kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu: hakuna sababu ya asili kwa nini mti uitwe mti. Jinasi ya picha haiipingi kanuni hiyo, bali inajengwa juu yake. Kwa kuwa sauti fú imeshikamana na popo kwa nasibu, na imeshikamana na baraka kwa nasibu, nasibu hizi mbili zimekutana, na kukutana kwao kumegeuzwa kuwa hekima. Msanii amezikuta nasibu mbili, akazifanya sababu moja.

3.3 Nafasi

Njia ya tatu ni ya mahali kiumbe kilipowekwa. Hekaluni joka hukaa upande wa kushoto wa mungu na chui milia upande wa kulia. Mwenye kuja kusali huingia kwa mlango wa upande wa joka na kutoka kwa mlango wa upande wa chui milia. Maana ya viumbe hivi haimo katika miili yao pekee, bali katika mpangilio wao, kama vile kiima na yambwa vinavyotambulika katika sentensi kwa nafasi zao. Joka na chui milia wakibadilishwa pande, sanamu zitabaki zilezile lakini sarufi ya jengo itakuwa imevunjika.

4.0 Jina Linapotangulia Mnyama: Qilin na Twiga wa Malindi

Nguvu ya jina juu ya jicho inadhihirishwa na kisa kinachoigusa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Miongoni mwa viumbe vinne vitakatifu vya mapokeo ya Kichina, pamoja na joka, feniksi na kobe, yumo qilin: mwenye mwili wa kulungu, mkia wa ng'ombe, kwato, na kwa kawaida pembe moja. Inasemekana hakanyagi mdudu aliye hai wala majani mabichi, na huonekana tu mtawala mwema anapokaa kitini.

Mwaka 1414 twiga alifikishwa katika baraza la mfalme Yongle wa enzi ya Ming kutoka Bengali. Mwaka 1415 akaja mwingine, zawadi ya Malindi. Wachina wa baraza hawakuwa na jina la mnyama huyu, lakini walikuwa na jina lisilo na mnyama. Wakampa. Kumbukumbu rasmi zinaitaja zawadi ya Malindi kuwa ni qilin. Mwandishi wa baraza, Shen Du, alitunga sifa za qilin wa mwaka 1414, na mchoro unaoambatana na sifa hizo umehifadhiwa katika nakala, mojawapo ikiwa katika Makumbusho ya Kasri ya Taifa mjini Taipei. Aliyechorwa ni twiga bila shaka yoyote, madoa yake na shingo yake. Aliyetajwa katika maandishi ni kiumbe wa kisasili.

Kwa nini jina hilo? Mwema wa tabia, mpole, mwenye kwato na pembe: mfanano ulikuwepo. Lakini Duyvendak, mtaalamu Mholanzi wa mambo ya China, alipendekeza mwaka 1949 kwamba sauti nayo ilichangia, kwa vile neno la Kisomali la twiga linakaribiana na matamshi ya qilin. Pendekezo hili likikubaliwa, basi twiga wa Afrika Mashariki aliingia katika visasili vya Kichina kwa mlango uleule wa jinasi ambao popo aliupitia. Hata pasipo kulikubali, matokeo ya kisemantiki yapo wazi. Kwa Kijapani twiga anaitwa kirin mpaka leo. Kwa Kihokkien cha Taiwan jina lake mojawapo ni kî-lîn-lok, yaani kulungu-qilin. Kimandarini cha kisasa kilirudi kwenye maelezo ya macho, kikamwita "kulungu wa shingo ndefu". Katika majina haya mawili ya mnyama mmoja imo ile tofauti ya mifumo miwili: lugha moja inamtaja kwa kisasili, nyingine inamtaja kama ambavyo mchoraji wa Tokyo angemchora.

5.0 Nguzo za Ndege Mia

Mifumo miwili ya Li Mei-shu inakutana waziwazi katika nguzo mbili za ukumbi wa kati wa hekalu la Sanxia, zinazojulikana kwa jina la "ndege mia wanauelekea mei". Mei ni mti wa jamii ya plamu unaochanua wakati wa baridi. Nguzo za mawe za mahekalu ya Taiwan kwa kawaida huzungukwa na majoka. Hizi zimezungukwa na matawi, maua na ndege wa aina nyingi, waliochongwa kwa undani wa kushangaza.

Jina la nguzo linastahili kusomwa kwa makini. Usemi uliozoeleka wa Kichina ni kwamba ndege mia humwelekea feniksi: ndege wa kawaida humwamkia mfalme wao wa kisasili. Katika jina la nguzo hizi muundo wa usemi umebaki, lakini nafasi ya feniksi imechukuliwa na mti. Mahali pa kiumbe asiyeonekana pamewekwa mmea ambao kila mtu anaweza kuutazama. Na wanaouzunguka ni ndege, viumbe ambao mchoraji anaweza kuwaona. Kwa maneno mengine, kanuni ya turubai imeingia hekaluni bila kuivunja sarufi ya hekalu.

Kuna tabaka jingine. Jina Mei-shu lina maana ya mti wa mei. Kama msimamizi wa hekalu alikusudia jambo hilo au hakulikusudia si swali ambalo jiwe linaweza kulijibu, na uchambuzi wa ishara haulazimiki kulijibu. Linalothibitika ni kwamba mfumo unaruhusu usomaji huo, na kwamba msomaji wa Kichina hawezi kulitamka jina la nguzo bila kutamka nusu ya jina la mtu. Katika sanaa ambayo desturi haimruhusu fundi kujitangaza, jinasi imempa mahali pa kusimama pasipo na majivuno. Katika turubai, mchoraji hutia sahihi pembeni. Hapa jina lake linaweza kusomwa katika mti wenyewe.

6.0 Sauti ya Lugha Gani?

Hadi hapa mifano mingi imetolewa kwa Kimandarini. Waliojenga hekalu la Sanxia, hata hivyo, hawakuwa wasemaji wa Kimandarini. Lugha yao ilikuwa Kihokkien, lugha ya Fujian ya kusini ambayo wengi huiita Kitaiwani. Swali la lazima ni hili: je, jinasi zinasikika katika lugha zote mbili?

Jibu linatofautiana kwa kila kiumbe, na tofauti hizo zinafundisha mengi. Popo na baraka vinalingana pia kwa Kihokkien: sauti yao ya pamoja ni hok. Kulungu, ambaye ni taashira ya cheo na mapato ya serikali, ni lù kwa Kimandarini na lok kwa Kihokkien, na neno la mapato hayo hulingana naye katika lugha zote mbili. Samaki ni tofauti. Kwa Kimandarini samaki na ziada vyote ni yú. Kwa Kihokkien samaki ni hî au hû kutegemea lahaja, na ziada ni î au û. Konsonanti ya mwanzo inazuia ulinganifu kamili. Katika sentensi ya vitu vinne, silaha na heri hulingana kwa Kimandarini kama ji na ji, lakini kwa Kihokkien ni kek na kiat: zinaanza pamoja kisha zinaachana. Kobe anakwenda njia ya kinyume. Kwa Kihokkien kobe ni ku, na neno la muda mrefu ni kú. Kwa Kimandarini ni guī na jiǔ, ambayo hayakutani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni nanasi. Tunda hili asili yake ni Amerika, kwa hiyo haliwezi kuwa katika urithi wa kale wa taashira za Kichina. Kwa Kihokkien linaitwa ông-lâi, na sauti hizo zinasikika kama "usitawi unakuja". Leo nanasi huwekwa mezani mbele ya miungu, hutundikwa dukani, na wagombea wa uchaguzi huliinua mbele ya kamera. Pamoja nalo huinuliwa figili nyeupe, ambayo kwa Kihokkien ni chhài-thâu, jina lenye sauti inayokaribiana na neno la bahati njema. Kwa Kimandarini nanasi ni fènglí na figili ni luóbo, na hakuna linalosikika. Nanasi linathibitisha mambo mawili: kwamba mfumo wa jinasi si mabaki ya kale bali ni utaratibu ulio hai unaoweza kumeza hata kitu kigeni, na kwamba kilichoumeza ni Kihokkien.

Hapa ndipo historia ya lugha ya Taiwan inapokuwa historia ya sanaa yake. Chini ya Japani, hasa kuanzia mwaka 1937, Kijapani kilisukumwa katika kila eneo la maisha, na mahekalu kadhaa yalifungwa au kuunganishwa. Baada ya mwaka 1945 utawala mpya ulileta Kimandarini. Wakati wa sheria ya kijeshi, iliyodumu toka mwaka 1949 hadi 1987, shule ziliwaadhibu watoto waliozungumza Kihokkien, Kihakka au lugha za wenyeji wa asili, kwa faini au kwa kuvishwa kibao shingoni. Adhabu hiyo haihitaji maelezo kwa wasomaji waliosoma katika baadhi ya shule za Afrika Mashariki. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1976 ilipunguza nafasi ya lugha hizo redioni na katika televisheni; masharti hayo yaliondolewa mwaka 1993. Sheria ya Maendeleo ya Lugha za Taifa, iliyotangazwa Januari 2019, ilizipa lugha hizo hadhi ya lugha za taifa.

Ujenzi wa Sanxia ulikwenda sambamba na miaka hiyo. Mafundi walipokuwa wakichonga kwa lugha moja, watoto wa mji walikuwa wakifundishwa kusoma kwa lugha nyingine.

Mtu anaweza kupinga kwamba hasara hiyo imetiwa chumvi. Mtoto asiyejua Kihokkien bado anajua kwamba kobe ni maisha marefu na nanasi ni usitawi, ameambiwa, amekariri. Pingamizi hili lina uzito, na sentensi ya vitu vinne inaliunga mkono, kwa kuwa wasemaji wa Kihokkien waliendelea kuichonga ingawa silabi yake moja haikulingana masikioni mwao. Taashira inaweza kuishi baada ya sauti iliyoizaa kunyamaza. Ni sawa na maneno: hakuna Mswahili anayehitaji kujua Kireno ili aweke chakula juu ya meza.

Lakini pingamizi hilo linathibitisha maana iliyohifadhiwa, halithibitishi uwezo wa kuzalisha. Katika mofolojia hutofautishwa kiambishi kilicho hai, ambacho msemaji anaweza kukiambika kwenye neno alilolisikia leo, na kiambishi kilichogota, kinachoonekana katika maneno machache ya kurithiwa tu. Msemaji wa Kihokkien aliyekutana na tunda la Amerika alilisikia, akalifanya sala. Anayemjua kobe kwa kukariri hataweza kufanya hivyo kwa tunda litakalokuja kesho, angalau si kwa lugha hiyo. Kwake jinasi imekuwa ishara ya nasibu tupu, na orodha iliyolaumiwa mwanzoni mwa makala haya ndiyo umbo pekee ambalo maarifa hayo yanaweza kuchukua. Orodha, kwa mtazamo huu, si kosa la wachambuzi peke yao. Ni dalili ya lugha inayorudi nyuma.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umetofautisha njia tatu ambazo kiumbe cha kisasili kinaweza kupata maana: uambatani wa viungo, jinasi na nafasi. Umeonyesha kwamba njia ya pili inaifanya picha kuwa tukio la lugha. Kazi ya Li Mei-shu inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu inaweka mfumo wa mfanano na mfumo wa jinasi katika mikono ya mtu mmoja, na katika nguzo za ndege mia inaikutanisha.

Kwa mbinu za utafiti, matokeo ni mawili. Kwanza, mchambuzi anayekutana na kiumbe katika sanaa ya watu wengine asiulize tu kinamaanisha nini, bali aulize kinaitwaje, na kwa lugha ipi kati ya zile zinazozungumzwa mahali hapo. Lugha rasmi ya nchi si lazima iwe lugha ya ukuta. Pili, uhai wa mfumo wa taashira usipimwe kwa idadi ya maana zinazokumbukwa, bali kwa uwezo wa jamii kukipokea kitu kipya na kukifanya kiseme. Kwa kipimo cha kwanza, hekalu la Sanxia liko salama: jiwe halisahau. Kwa kipimo cha pili, usalama wake haumo katika jiwe. Umo katika vinywa vya wanaopita mlango wa joka wakiingia na mlango wa chui milia wakitoka, na katika neno watakalolitamka watakapomwona popo.